Kisu cha Kukunja na Mbuzi wa Mama

Juzi sokoni Konde nilimwona muuza mananasi akifungua kisu cha kukunja kwa kidole gumba, mkono wa pili kashika nanasi. Ule mlio wa tak! ulinirudisha utotoni, uani kwetu Mgogoni, kwenye harufu ya karafuu zilizoanikwa.

Mbuzi wetu alikuwa amejinyonga kwa kamba yake. Mama alimkandamiza kwa mkono mmoja, wa pili kashika kisu cha kukunja, akanipigia kelele, "Kimbia, kaite mwanamme yeyote aje achinje kabla hajafa!"

Njiani hapakuwa na mtu. Ilikuwa Ijumaa, wanaume wote wako msikitini, na msikiti ulikuwa mbali. Niliporudi, mbuzi alikuwa akikoroma. Mama alijaribu kukifungua kisu kwa ukucha wa gumba, kikagoma. Akakisugua pajani, kikagoma. Mwisho akaling'ata bapa kwa meno, akavuta mpini. Tak! Mdomo ukamchanika.

"Mama, usichinje! Utatulisha haramu!" nililia. Sikuwahi kumwona mwanamke akichinja.

"Nyamaza," alisema, akamgeuza mbuzi kuelekea kibla. "Bismillahi, Allahu Akbar."

Jioni baba aliuliza nani kachinja. "Mimi," mama akajibu. Baba akanawa, akala. Nilimtazama kila alipotafuna, nikingoja aanguke.

Leo najua kichinjo cha mwanamke ni halali, na baba alilijua hilo siku ile ile. Mama hakutia hata kipande kinywani mpaka baba alipomaliza sahani. Wakati ule nilidhani kilichomzuia ni ule mdomo uliochanika.