Siku Nilipoukogesha Moto

Niliiosha seredani ya bibi, jiko lake la makaa la udongo, kwa sabuni ya vyombo, makaa yakiwa bado mekundu. Jana hapa mjini Ibra, ng'ambo ya bahari, nilimwona mama akikomba jivu jikoni huku akishika kiuno, na harufu ya makaa yaliyomwagiwa maji ikanirudia.

Alasiri ile ya utotoni mkate wa kumimina ulikataa kuiva. Bibi alipepea mpaka akachoka. "Moto umezeeka kama mimi," akasema, akaenda kusali. Sikujua kwamba jivu ndilo lililoziba matundu ya hewa. Bibi akikoga husema amerudi usichanani, basi nikaukogesha moto. Seredani, aliyokuja nayo bibi kutoka Unguja, ikalia ta! ikapasuka.

Bibi akarudi, akakaa chini. Mama akaja, akatazama vipande, kisha povu mikononi mwangu.

"Alhamdulillahi," akasema, "leo umenawa mikono bila kuambiwa."