Adui Aliyekuja na Mawingu

Mwaka ule mahindi yetu kijijini Endasak yalianza kukauka kabla hayajafika kiunoni, nami nilikuwa namalizia riwaya ya fantasia: falme, mapanga, farasi wenye mabawa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, taswira na ishara ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nilizipanga sawasawa. Kila mara adui, Mfalme wa Giza, alipokaribia, wingu jeusi lilitangulia. Msomaji akiliona tu, ajue balaa limefika.

Baba macho yake hayaoni herufi siku hizi. Jioni, nikishamwamkia na kumpa chai, nilimsomea huku akipukuchua mahindi ya mwaka wa nyuma. Yalibaki kidogo ghalani, na yakiisha hayo hatukuwa na mengine. Alitega sikio upande wangu, nikajua hadithi imemkolea.

Siku moja akauliza, "Huyu wa mawingu atafika lini?"

"Mfalme wa Giza? Baba, huyo ni adui!"

"Adui gani anakuja na mvua? Na hao wenzako wanamkimbia! Wana akili kweli?"

Jamani! Nilikasirika. Nikamweleza kuwa ile ni ishara, weusi wa wingu ni uovu wa moyo, ndivyo fantasia zinavyoandikwa. Akanisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza bwana shamba, kisha akasema, "Haya, soma. Tumsubiri."

Nikasoma hadi mwisho. Shujaa akamchoma Mfalme mkuki, mawingu yakatawanyika, jua likawaka, watu wakashangilia. Niliposema "jua" mikono ya baba ikasimama. Akatazama nje, shambani, majani ya mahindi yamejikunja na mlima Hanang hauna hata wingu.

"Mmemuua," akasema. Akainuka akaenda kufungia ng'ombe.

Niliumia, sitaki kudanganya. Kwanza niliumia kwa ajili ya kitabu changu, halafu nikamwona anavyotembea kule nje, nikaumia kwa ajili yake. Kesho yake nikaandika upya: mkuki ukamkosa Mfalme, na lile wingu likapasuka juu ya mashamba. Ishara zangu zote zikavurugika. Potelea mbali.

Jioni nikamsomea. Akaacha kupukuchua.

"Ikanyesha?"

"Ikanyesha, baba. Mpaka mito ikajaa."

"Ardhi ikalowa vizuri?"

"Ikalowa."

Akashusha pumzi, akachukua hindi jingine.

"Afadhali," akasema. "Basi hao watavuna."