Mechi ya Mwisho ya Sitara

Kule mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, Sitara alijulikana kwa mikono yake. Mpira wa netiboli ukimfikia chini ya goli, mashabiki wa kiwanda chao cha nguo walishangilia kabla hajaurusha.

Kisha homa ya matumbo ikamlaza. Alipopata nafuu kidogo alijaribu kukamua kanga, ikamshinda, akairudisha kwenye beseni ikichuruzika maji. Na habari zilikwisha kuzagaa: zama hizi za ruksa, za biashara huria, kiwanda kinauzwa, timu itacheza mara moja tu, Jumamosi, kisha kila mtu ashike njia yake.

Hyasinta, mchezaji mwenzake, akamwambia Kariakoo siku hizi hakikosekani kitu, hata vile vidonge vya amino wanavyomeza wanyanyua vyuma. Sitara akajikokota hadi duka la dawa la mzee Kishor.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza, umepauka."

Sitara alipoeleza haja yake, Kishor alishusha kopo la vidonge, lakini hakuliachia. "Hivi ni vipande vya protini tu, kama ya maharage na samaki. Ugonjwa ukiwa bado mwilini, mwili hujimegea misuli yake wenyewe ili upambane. Umemaliza dawa za hospitali?"

"Bado."

"Zimalize. Ule, upumzike. Hivi havitakupa nguvu kufikia Jumamosi."

"Nipe tu, mzee. Nani ajuaye?"

Akampa.

Jumamosi alivaa jezi yake. Wakati wa kupasha misuli, Hyasinta alimrushia mpira. Sitara akaulenga golini, ukaanguka katikati ya njia. Hakuna aliyecheka. Alikwenda mwenyewe kukaa benchi, akamwangalia binti mwingine akisimama mahali pake. Timu ilishinda. Walipomkumbatia alilia, nao wakadhani ni furaha.

Nguvu zilirudi taratibu, baada ya dawa kwisha na hamu ya chakula kurejea. Lakini kiwanja kilikuwa kimekwisha kujazwa makontena ya mwenye kiwanda mpya, na Hyasinta amerudi kwao Moshi. Sitara akaanza kuuza mitumba Kariakoo. Robota linalowashinda wanaume wawili yeye hulivuta peke yake, wenzake wakamsifu.

Yeye hutabasamu tu. Lakini jioni jua linapolegea, kuna wakati huinua uso ghafla, kama aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali, kule kiwanjani, na mteja hulazimika kuuliza bei tena.