Uso Ndani ya Kipande cha Dhahabu

Kinyozi wangu wa Kitengela, ambaye habari zake hufika mjini kabla ya tukio lenyewe, ndiye aliyeniambia kwamba kuna kipande cha dhahabu kinachoonyesha sura ya mwuaji. Ni kidogo kama ukucha, akasema, huku wembe ukiwa shingoni mwangu. Unatonesha juu yake maji yenye sumu, unamulika, na kwenye skrini anatokea yule aliyeiweka, hata kama ni tone moja katika bwawa zima.

"Mpaka kovu lake linaonekana," akasema. "Na wewe Prof si ulisoma kemia? Unajua hii maneno."

Niliamini yote. Mimi ni mhitimu wa ngumbaru. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya nikiwa na kipara, nikiwa mzee kuliko mwalimu wa kemia na meza yake wakiwekwa pamoja. Tulifundishwa kwamba kila kitu kina alama yake. Kutoka alama ya kitu hadi uso wa mtu niliona ni hatua moja tu. Kabla jua halijazama nilikuwa nimewaeleza hiyo mashine watu kama mia tano, na kila mmoja nilimwongezea chumvi kidogo.

Uso niliotaka kuuona niliujua tayari. Ulikuwa wa jirani wa mama yangu.

Mama aliishi upande wa Isinya. Jirani alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi kutoka kaskazini mashariki, mtu wa swala tano, ndevu zake nyekundu kwa hina. Wiki ile waligombana, maana mbuzi wake walipenya uani wakamaliza sukuma wiki yote. Asubuhi moja akaja kumchukua mwanambuzi aliyepotea, akasimama karibu na pipa la maji la mama, akasalimu, akaenda zake. Jioni mbuzi watano wa mama walikuwa wamekufa, na mama mwenyewe alikuwa akitokwa na mate na jasho, mboni za macho zimesinyaa kama ncha ya sindano.

Tulimkimbiza hospitali Kajiado. Daktari akauliza, "Amekunywa nini?"

"Chai tu," nikasema.

Siku ya tatu mama akafa. Hapo sina la kuongeza chumvi.

Hospitalini waliandika kwamba ni sumu. Jirani alikuja mazishini akivuta beberu wa kuchinjia wageni. Mimi ndiye niliyemzuia langoni.

"Kijana yangu, mama yako alikuwa kama dada yangu," akasema.

"Dada gani unamtilia dawa?" nikamjibu, na watu wakanisikia. Akageuka na beberu wake.

Maji ya pipa yalipelekwa kupimwa baada ya wiki kadhaa, yakasemekana hayana kitu. Nikawaambia watu kwamba mwuaji mjanja hutumia kidogo sana, ndiyo sababu mashine za kawaida zinashindwa. Prof akisema, nani atabisha? Wazee wakampa jirani mpaka Jumamosi ahame, yeye na mke na watoto.

Jumatatu ya wiki hiyo hiyo wapimaji wakaja kuchunguza visima vyetu, wakaweka meza nje ya ofisi ya chifu. Miongoni mwao alikuwepo dada mmoja mwenye kile kipande cha dhahabu chenyewe. Nilikiona kwa macho yangu! Nikakimbia kutafuta chupa tatu. Moja nikajaza maji ya kisima. Ya pili, maji ya tangi la jirani, niliyoyachota kama mwizi. Ya tatu, maji ya pipa la mama, lile la bluu nililomletea siku mbili kabla ya ugonjwa, kusherehekea cheti changu. Nililinunua kando ya barabara. "Ilikuwa ya juisi, boss," muuzaji aliniapia. Tuliliosha kwa sabuni na jivu. Mama alilalamika kwamba chai inanuka, nikamwambia hiyo ni harufu ya upya.

Yule dada akaniagiza niende nikalete na mfuniko wa pipa. Akaukwangua upande wa ndani, akatonesha, akamulika. Akanieleza kwamba dhahabu ile si laini hata kidogo. Imejaa vinundu ambavyo jicho haliwezi kuviona, vimesongamana kama vichuguu. Chembe ya dawa ikinasa kati ya kinundu na kinundu, mwanga unaotoka kwake unapata nguvu maradufu, tena na tena.

"Ni kama mtu ananong'ona, halafu unamshikia maiki ya kanisa," akasema.

Skrini ikachora vilele na mabonde, kama milima ya Ngong. Alichukua muda mrefu. Akakwangua tena mfuniko, na tena.

"Maji ya kisima ni safi," akasema mwishowe. "Ya jirani pia. Kwa pipa kuna dawa ya wadudu, kidogo sana. Kwa mfuniko iko nyingi."

Nikapiga meza kofi. "Si nilisema! Alimwaga! Sasa tutolee uso." Simu yangu nilikuwa nimeichaji mpaka mia, nikaielekeza kwenye skrini.

"Uso gani, mzee?"

"Wa jirani, daktari. Usinifiche. Wazee wanangoja picha kabla ya Jumamosi."

Nilitamani angecheka. Hakucheka. Alivua glavu, akaniuliza pipa nililitoa wapi, nikamwambia mambo ya juisi. Akauliza ni nani aliyelijaza maji mara ya kwanza. Nikasema ni mimi, kwa mikono yangu, asubuhi ya siku ile ile mama aliyougua, na mbuzi wakapewa ya kwanza.

Akavuta kiti, akaketi karibu nami.

"Hii kitu haioni mtu," akasema. "Inaona dawa peke yake. Nimekwangua mara tatu na bado iko, imeingia ndani ya plastiki. Hakuna mtu alikuja kuimwaga. Hii ilikuwa pipa ya dawa, mzee. Mlitia maji, mkanywa."