Marehemu wa Nyumba Bora

Ilikuwa Jumamosi, siku ya Saba Saba, saa nne kasorobo asubuhi, tulipoingia lango la viwanja vya maonyesho, baba mbele, mama nyuma, mimi katikati nimemshika mkono mdogo wangu Kabula, na saa hiyo naiandika kwa sababu ndiyo ya mwisho niliyokuwa mtu wa heshima zake. Kufika jioni nusu ya Tabora ilikuwa inanijua, na si kwa jina langu. Mimi ambaye mwalimu akiniuliza swali najibu huku nalitazama dawati, mimi ambaye dukani nangoja wote wahudumiwe ndipo nitaje chumvi, nililala chali mbele ya mgeni rasmi na watu wakanitupia karanga. Naona haya hata kuandika. Lakini nisipoandika mimi atasimulia Zaituni wa darasani kwetu, na Zaituni akisimulia haongezi chumvi, anamwaga gunia.

Safari yenyewe ilikuwa ya mama. Mwezi wa tano alilazwa kwa ugonjwa wa moyo, na alipotoka daktari alimwambia baba, nami nipo nasikia, kwamba mama asibebe mizigo, asisimame juani muda mrefu, na kukimbia ndiyo kabisa asithubutu. Baba akasema basi, Saba Saba tutampeleka mjini akapumzike. Wakaja na lori la tumbaku kutoka kwetu Ipole, wakafikia kwa shangazi, mtaa wa Ng'ambo, nami nikapewa ruhusa ya kutoka bwenini nikae nao siku tatu. (Baba aliniamuru nivae sare ya shule, viatu vyeupe na yote, ili kila atakayetuona ajue kwamba yule mkulima ana mtoto wa sekondari. Hii sare mtaona ilivyonimaliza.)

Sasa, kupumzika kwa baba yangu mimi sijui alifundishwa na nani. Baba ni mtu wa tumbaku, na tumbaku ni zao linalomfukuza mtu kama mgambo, leo kupanda, kesho palizi, keshokutwa kukata kuni za bani la kukaushia, kwa hiyo kwake kupumzika maana yake ni kwenda haraka haraka mahali pasipo na tumbaku. Tulianza banda la pamba. Tukatoka tukaingia la asali. Tukatoka la asali tukaenda kuwaona fahali wa kisasa, halafu trekta, halafu banda la mbolea ambalo hata wenye banda walikuwa wamelikimbia kwa harufu, na kila tulipotoka baba alisugua mikono akasema, "Haya, mbele! Tumekuja kuona, hatukuja kukaa!" Mahali pekee tuliposimama ni kwenye bembea la kuzunguka, lile la farasi wa mbao linalosukumwa na vijana wanne, maana Kabula alipanda na kushuka hakutaka. Mama akaegemea uzio. Nikaitazama miguu yake, imevimba mpaka kanda za ndala zimezama kwenye nyama, nikafungua mdomo nimwambie baba, na nikaufunga. Ndivyo nilivyo. Maneno yangu yanafika kwenye meno yanarudi.

Kabla ya hapo tulikuwa tumepita kwenye nyumba bora. Wale maofisa wa Maendeleo walikuwa wamejenga nyumba ya mfano ya kijiji cha ujamaa, matofali ya kuchoma, madirisha makubwa, unaingia mlango wa mbele unatokea wa nyuma, na ndani kuna mtungi wa maji yaliyochemshwa, beseni la kunawia, na kitanda chenye godoro la sufi na shuka nyeupe pee. Msimamizi wake alikuwa mzee mmoja wa Pwani, Bwana Mwinshehe, na alipomsikia baba akimwita mama kwa Kinyamwezi, akaruka.

"Kumbe Mnyamwezi! Mtani, leo umekuja mikono mitupu? Pembe za ndovu umemwachia nani?"

"Nimezitua nimsubiri Mzaramo azibebe," baba akajibu, "lakini Mzaramo akiona mzigo anaumwa kiuno."

Wakacheka wakapigana mabega, hawajawahi kuonana maisha yao. Wazee wetu walikwenda pwani na misafara mpaka wakawa watani wa Wazaramo, na mtani anaweza kukusema lolote, kukunyang'anya kofia, hata kufanya mzaha kwenye msiba wako, na ukikasirika mwenye kosa ni wewe.

Basi pale kwenye bembea nikapata wazo. Nikamwambia mama nakwenda msalani. Nia yangu ilikuwa kwenda nyumba bora kumwomba yule mzee ampe mama mahali pa kukaa kidogo kivulini. (Nataka niwe mkweli. Nia ilikuwa hiyo, lakini miguu yangu nayo ilikuwa na nia yake, maana vile viatu vyeupe vilikuwa vya mwaka jana.) Nikafika, Bwana Mwinshehe hayupo, ametoka kunywa chai, nyumba baridi, kimya, hakuna mtu hata mmoja kwa kuwa wote walikuwa wamekimbilia ngoma. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nimsubiri. Godoro la sufi, jamani, mimi wa bwenini ninayelalia majani makavu! Nikasema ngoja niegemee tu. Nikavua viatu. Nikainua miguu, mguu mmoja, halafu nikaona si haki huu mwingine ubaki chini.

Nilichokisikia baadaye ni sauti ya Zaituni.

"Hee, na huyu ni wa maonyesho?"

"Labda ni mwanasesere," mwingine akasema.

"Mwanasesere gani ana kovu la ugoko? Anahema huyo. Wamemweka aonyeshe mwanafunzi wa kijijini anavyopumzika."

Darasa langu zima. Wamepanga mstari, wanaingia huku wanatokea kule. Uso nilikuwa nimeugeuzia ukutani, namshukuru Mungu, na hapo ndipo nilipoamua lile jambo dogo lililoniangamiza: nikaamua nisiamke. Nikasema nitafumba macho, hawa wakipita nainuka natoroka. Ungekuwa wewe je? Kuamka mbele yao ni kuchekwa mpaka kidato cha nne! Lakini walipopita hao wakaja wanakijiji wa Lusu, nikawasikia wakiulizana kama shuka ile inauzwa, na nyuma ya hao wengine, na wengine, maana ngoma ilikuwa imekwisha na umati wote umegeukia huku. Mtu mmoja akanigusa kisigino kwa kidole. Nikabana pumzi. Kadiri nilivyokaa ndivyo kuamka kulivyozidi kuwa kugumu, kama mtu aliyesahau kuamkia mkubwa, dakika zikishapita utaanzaje na shikamoo?

Bwana Mwinshehe akarudi kutoka kwenye chai. Nilimsikia akisimama, akaja karibu, akanichungulia, akanitambua.

"Lahaula! Mtoto wa mtani wangu!" Akaivuta shuka polepole akanifunika mpaka kichwani, akageukia watu, akalia kwa sauti ya msibani. "Jamani poleni! Tumefiwa! Wazee wake walitoka hapa na meno ya tembo kichwani mpaka Bagamoyo wakafika wazima, yeye amekufa kwa kutembea mabanda!"

Watu wakaangua kicheko, nyumba ikatikisika. Mama mmoja Mnyamwezi akamjibu, "Mzaramo, mzike basi, au jembe hulijui?" Naye akasema anachangisha sanda, asiye na kitambaa aweke karanga, na haki ya Mungu zikaanza kunidondokea tumboni, moja moja, halafu kwa konzi. Nilikuwa nimelowa jasho chini ya ile shuka. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, na zaidi ya yote nilitaka kupiga chafya kwa maganda.

Nisichokijua ni kwamba Kabula alikuwa ameshuka kwenye farasi, amenifuata. Mtoto wa miaka sita, utani hajaujua. Ameona viatu vyangu chini ya kitanda, ameona mtu amefunikwa shuka nyeupe, amesikia tumefiwa. Akageuka akakimbia.

Mara kicheko kikakatika ghafla. Mgeni rasmi alikuwa ameingia na msafara wake, na mwalimu wetu mkuu yumo, nilimjua kwa kikohozi.

"Hapa tunaona nini?" mgeni rasmi akauliza.

"Hapa, ndugu mheshimiwa," Bwana Mwinshehe akaanza, na ule uhodari wote ukamwishia, "hapa ni... ni chumba cha kulala."

"Na huyu?"

"Huyu... amelala, mheshimiwa."

"Na shuka mpaka usoni, na madirisha makubwa yote haya? Hewa anapata?" Nikasikia viatu vikija. Nikamsikia akiinama, pumzi zake ziko juu yangu.

Na hapo hapo, kutoka nje, mbali, nikaisikia sauti ya mama ikiita mwanangu kwa Kinyamwezi. "Mwana wane! Mwana wane!" Na ilikuwa inasogea. Ilikuwa inasogea upesi.

Mama anakimbia.

Sikuwaza haya, sikuwaza Zaituni, niliinuka mzima mzima na shuka yangu kichwani, na karanga zikamwagika kama mvua ya mawe. Mgeni rasmi alipiga yowe ambalo sikujua kwamba viongozi wanalo. Akarudi kinyumenyume, akakutana na beseni, akakaa ndani yake, na mtungi wa maji yaliyochemshwa ukammalizikia mapajani. Umati ukatoka kwa milango yote miwili na dirisha moja. "Amefufuka! Amefufuka!" Mwalimu mkuu sikumwona alikotokea, niliona miwani yake tu.

Mama akaingia kwa mlango wa kutokea, anapigana vikumbo na wanaokimbia, khanga imebaki begani, baba nyuma yake amembeba Kabula. Akanishika uso kwa mikono miwili. Akanitazama jicho hili, akanitazama na hili. Halafu akanizaba kofi ambalo mpaka leo nikitafuna upande huo nalikumbuka, na akajibwaga kitandani, mkono kifuani, midomo imepauka kama majivu, hewa anaitafuta haipati.

Nilipiga magoti nikamshika miguu, ile miguu yake iliyovimba, na nilijua kwamba akifa ni mimi nimemuua, si moyo. Sikujua ninasema nini. Nadhani nilikuwa nasema nisamehe, mayu, mama yangu, nisamehe.

"Mfungueni shingo," mgeni rasmi akasema kutoka kwenye beseni. "Na maji. Yamebaki maji?"

Yalibaki kidogo. Mama akanywa. Baba akampepea kwa kofia yake, na taratibu, taratibu mno, rangi ikamrudia midomoni, akapumua pumzi ndefu, akaligusa lile godoro kwa kiganja, akajilaza.

"Mimi siondoki hapa," alisema. "Mkitaka kuona mabanda, nendeni."

Akalala. Bwana Mwinshehe akafunga milango yote miwili akakaa nje kama askari, kila anayekuja anamwambia nyumba bora inatumika. Mgeni rasmi akaondoka na suruali yake ilivyo, na pale mlangoni akaniambia, "Binti, siku nyingine jifunike mpaka shingoni tu." Yule mzee alipoingia alimshika baba mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mtani, leo nimepitiliza."

"Mtani hana kosa," baba akajibu, lakini macho yake yalikuwa kwenye miguu ya mama, anaitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Mngedhani mambo yameishia hapo. Jioni kwa shangazi, mama kashakunywa uji na kucheka kidogo (watoto wa jirani walikuwa wanapita dirishani wakiimba "marehemu, marehemu"), baba akasugua mikono akasema, "Kesho tuwahi. Nusu siku imepotea, na mifugo midogo hatujaiona." Mama alinitazama mimi.

Kwa hiyo nimeapa. Sitalala tena juu ya kitanda cha serikali, hata kikitandikwa hariri. Nikichoka nitasema nimechoka, kwa mdomo, na macho wazi, maana aibu ya kusema inaumiza mara moja, lakini ya kunyamaza ilinifunika shuka na kuniletea karanga.

Na Jumapili asubuhi, baba alipokuwa uani anatuita twende, nilitoka nikasimama mbele yake. Niliitazama ardhi, halafu nikajilazimisha kumtazama yeye.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mko tayari?"

"Hapana, baba. Leo hatuendi. Mama amechoka. Na mimi nimechoka."

Nilingoja kofi la shavu la pili. Badala yake alijishusha taratibu akakaa kizingitini, akanyoosha miguu yake mirefu mpaka katikati ya uwanja, na akaguna kama mtu anayetua gunia.

"Nilidhani ninyi ndio mnaotaka," alisema.

Nikaingia ndani nikamletea mkeka.