Jumapili Niliyomzuia Baba Langoni

Kanisa letu lilipofunguliwa tena baada ya miezi ya kufungwa, baraza la parokia lilinichagua mimi nisimame langoni. Nilikuwa mwalimu katika shule ya hapo Giakanja, na walisema watu wamezoea kunisikia nikikataa. Nilipewa kipima joto, daftari la majina na masharti ya serikali: ndani wasizidi watu mia, misa isipite saa moja, na aliyevuka miaka hamsini na minane abaki nyumbani.

Baba yangu alikuwa na sabini na miwili.

Mama alikuwa amefariki wakati makanisa yamefungwa. Ni moyo uliomuua, si korona, lakini tulimzika kwa masharti yaleyale, watu kumi na watano, kabla ya saa tatu asubuhi. Askari wawili walisimama kando ya kaburi, na katekista alipoanza sala ya pili mmoja wao akagonga saa yake kwa kidole. Misa haikusomwa. Baba aliposikia kanisa linafunguliwa alimpigia padri simu, akaomba Jumapili ya kwanza mama aombewe kwa jina, na padri akakubali.

Nilijua hayo. Nilijua pia umri wa baba, na wiki nzima nilikula naye chakula cha jioni bila kumwambia. Nilijidanganya kwamba ameshasikia kwenye redio.

Alikuja mapema, amevaa suti aliyomzikia mama, bakora mkononi. Nyuma yake walikuwa wazee wengine kama kumi ambao nilikuwa nimeshawazuia na hawakutaka kuondoka.

"Baba, hutaweza kuingia," nikamwambia.

"Nani amesema?"

"Serikali. Wazee wakae nyumbani."

"Mama yako anasomewa misa, na mimi nisimame barabarani?"

"Rudi nyumbani, nitakupigia simu. Nitaiweka karibu na spika usikie kila kitu."

Nilidhani ni wazo zuri. Aliniangalia kama mtu asiyenijua, akainua bakora na kunipiga sikioni. Kamba ya barakoa ilikatika na damu ikanitiririka shingoni. Akanipiga tena begani. Mara ya tatu niliishika ile bakora, nikaivuta, na kwa mkono mwingine nikamsukuma kifuani.

Sikumsukuma ili asiingie. Nilikuwa nimekasirika, na nilimsukuma kwa nguvu zangu zote. Alikuwa amekonda tangu mazishi. Aliruka nyuma kama kiti kitupu, na kichwa chake kikagonga ukingo wa saruji uliobeba tangi la kunawia mikono. Niliusikia mgongano ule. Alikaa chini, ngozi ya paji la uso imepasuka, akijaribu kufuta damu machoni ili aone.

Wazee wakanivamia. Mama mmoja aliyenifundisha katekisimu nikiwa mdogo aliokota jiwe akanilenga, likampata mdomoni kijana aliyekuwa akinisaidia langoni, akatema jino. Lango likasukumwa likang'oka bawaba. Waliokuwa nje wakamiminika ndani, na waliokuwa ndani wakatoka kuona kuna nini. Vijana wa kwaya wakaanza kupigana na wazee waliozoea kuwasikiliza wakiimba kila Jumapili. Viti vya plastiki vilivyopangwa uani kwa kuachiana nafasi vikawa silaha. Mtu alikuwa ameshawapigia polisi simu.

Walifika upesi, na hawakuuliza lolote. Bomu la kwanza la machozi lilitua kwenye ngazi za kanisa, la pili katikati ya kina mama. Kisha wakaingia na marungu wakipiga yeyote aliye karibu. Baba alikuwa bado amekaa pale nilipomwangusha. Askari mmoja alimwamuru asimame. Hakuweza. Rungu liliposhuka aliinua mkono kujikinga, na mfupa ukavunjika juu kidogo ya kifundo.

Bakora yake ilikuwa bado mikononi mwangu. Nilimpiga yule askari nayo kwenye kofia ya chuma mpaka bakora ikakatika, na ilipokatika nikaendelea na kipande. Wenzake watatu walinifikia. Nakumbuka buti mbavuni na ladha ya mchanga. Nilipofungua macho niliona kanzu ya kijani ya padri juu yetu. Alikuwa amesimama, mguu mmoja upande wa baba na mwingine upande wangu, akikohoa kwa moshi, na alikuwa akirudia maneno yaleyale tu, "Hawa wametosha. Hawa wametosha." Walimpiga rungu moja begani kabla ya kuacha.

Baba alipelekwa hospitali mjini Nyeri, mimi nikapelekwa seli, nikatoka kwa dhamana siku mbili baadaye. Kesi yangu iliahirishwa mara nne kisha ikatupwa. Misa ile haikumalizika, na jina la mama halikusomwa.

Padri alikuja kwetu wiki iliyofuata Jumapili ile, mkono wake mmoja ukiwa bado mzito, akatusomea misa barazani tukiwa watu wanne. Alilitaja jina la mama mara tatu. Baba alilia bila sauti.

Majirani ambao hawakuwapo waliamini ni polisi waliompasua uso pamoja na kumvunja mkono. Yeye hakuwasahihisha, na mimi pia sikuwasahihisha. Padri alipoondoka nilipiga magoti mbele ya kiti cha baba, nikamwomba msamaha.

"Mkono utapona," akasema. "Yule askari simjui, hata nikikutana naye sitamtambua. Wewe nakujua."

"Ndiyo, baba."

"Ulinisukuma ukitaka nianguke."

"Ndiyo."

Akaniambia niinuke nikakame ng'ombe, kwa sababu yeye hangeweza kwa mkono mmoja. Nilikwenda nikakama. Nilimkamia mpaka plasta ilipotolewa, asubuhi na jioni, naye alikuwa akisimama mlangoni mwa zizi akiniangalia, bila kusema kama amenisamehe.

Masharti ya umri yalipoondolewa alirudi kanisani. Yeye huenda misa ya kwanza, mimi ya pili. Tukipishana njiani ananisalimu, nami ninavua kofia.