Nusu ya Kushoto

Kama hujawahi kumwona mtu mzima akiligombeza gari, basi hukumjua Mama Udongo. Na gari lenyewe halikuwa hata gari. Lilikuwa bonge la udongo wa kahawia, kubwa kama gari kamili, limesimama katikati ya karakana chini ya taa nyeupe. Halina injini, halina viti, ndani yake ni mbao na povu tupu. Yeye amepiga magoti mbele yake, chuma cha kukwangulia mkononi, anafoka: "Tulia basi, we! Nani kakuvimbisha shavu?"

Ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na mmoja. Watengenezaji wa magari ya kifahari, pamoja na kompyuta zao zote, hawaiamini sura ya gari mpaka waione kwa udongo. Udongo wenyewe una nta: unapashwa moto kwenye oveni, ukilainika unapakwa kwa kiganja, ukipoa unakwanguliwa. Mama Udongo alikuwa akivaa glovu ya pamba, anafumba macho, anapitisha mkono juu ya boneti, halafu anasema, "Hapa pana bonde." Watu wa vipimo wanaleta mashine zao wakinung'unika, wanapima, wanakuta kweli bonde lipo, la unene wa unywele. Walimchoka, lakini walimheshimu.

Sasa ngoja niwaambie kilichokuwa kikimkera. Katika miaka yote hiyo, hakuna uso hata mmoja wa gari uliotoka mikononi mwake ukafika barabarani kama alivyouacha. Hata mmoja, jamani! Huyu anakuja, anataka taa zipandishwe. Yule anataka bampa livimbe. Mwanasheria naye ana lake. Mwisho wa yote gari linatoka kiwandani, mama wa watu analitazama na hajui limezaliwa na nani. Na sasa alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Gari hili, la kwanza la umeme kwa kampuni, lingekuwa la mwisho kwake. Alishamwambia mumewe, fundi friji asiyejua lolote kuhusu magari ila kupanda: "Baba Watoto, safari hii nataka uso mmoja tu. Wangu, kuanzia taa hadi taa, usioguswa na mtu."

Uso wa gari la kifahari ni shoo, ule wavu wa mbele unaoingiza upepo wa kupoza rejeta. Kadiri gari linavyokuwa ghali, ndivyo shoo inavyopanuka. Lakini gari la umeme lina nini cha kuchemka hivyo? Kaupenyo kadogo chini ya bampa kanalitosha. Kwa hiyo Mama Udongo aliiondoa shoo yote. Akauacha uso mtupu, uliotulia, boneti ikishuka taratibu mpaka chini, na taa mbili nyembamba pembeni. Ukiutazama, wewe mwenyewe ulijikuta unapumua vizuri.

Mkuu wa michoro hakutaka kusikia. Huyu karakana nzima ilimwita Bwana Kalamu, kwa sababu hakosi kalamu tatu mfukoni na hakuna aliyewahi kumwona akichora hata kwa moja. Yeye alitaka shoo kubwa kuliko zote za zamani, fito kumi na nne zinazowaka taa, nyuma yake pamezibwa.

"Shoo iliyozibwa ya kazi gani?" Mama Udongo alimuuliza. "Hilo ni bomba la moshi kwenye nyumba isiyo na jiko!"

"Mama yangu, wewe ndiye nguzo ya karakana hii," Bwana Kalamu akasema, akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Tufanye hivi. Nusu ya kushoto iwe yako, nusu ya kulia yangu. Wakubwa watachagua wenyewe."

Kwa mafundi wa udongo hilo si jambo geni. Kuunda gari zima ni kazi ya wiki nyingi, kwa hiyo mawazo mawili hugawiwa bonge moja: kushoto gari hili, kulia gari lile. Anayetaka kutazama hufunika nusu moja kwa kitambaa cheusi, anatazama, kisha anafunika ya pili. Hata mfagiaji wa pale anajua hivyo. Nusu ya Bwana Kalamu ilichongwa na mashine kwa siku mbili. Ya Mama Udongo ilichukua siku kumi na tisa, na mgongo wake ukamwambia kila siku.

Siku ya wakubwa ikafika. Asubuhi Fundi Rangi, rafiki yake wa miaka mingi, alisimama mbele ya nusu ya kushoto akatikisa kichwa. "Mama, hii ni kiboko. Ile nyingine ni geti la gereza." Mama Udongo akacheka, kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Mwenyekiti wa kampuni aliingia na wakurugenzi sita nyuma yake. Gari lilikuwa limefunikwa lote. Hapo ndipo Bwana Kalamu alipotakiwa kukunja kitambaa nusu, aeleze, kisha akunje nusu ya pili. Lakini mwanamume alitaka makofi! Akashika ncha ya kitambaa, akakivuta chote kwa mpigo mmoja kama anamfunua bibi harusi.

Upande mmoja uso mtulivu, upande wa pili fito zinawaka. Mwenyekiti akazunguka mbele, akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule.

"Hapa sasa!" akasema. "Hapa mmethubutu! Nusu imelala, nusu iko macho. Hakuna mwenzetu aliye na kitu kama hiki."

"Kweli kabisa, Mwenyekiti," mkurugenzi wa kwanza akadakia. "Nilipoingia tu nilishtuka." Wa pili akasema ni ujasiri. Wa tatu akasema ni usiku na mchana. Na Bwana Kalamu, badala ya kusema kosa ni lake, akashika kidevu. "Tulitaka kuvunja mazoea," akasema.

Loo! Damu ilimchemka Mama Udongo hadi masikioni. Angenyamaza, nusu yake ingeponea hapo. Lakini nusu uso ni uso gani? Siku kumi na tisa za mgongo, ili zigeuzwe kichekesho cha barabarani? Msema kweli mpenzi wa Mungu. Akapiga hatua mbele.

"Samahani, Mwenyekiti. Hili si gari moja. Ni magari mawili, yamepakana puani. Kitambaa kimevutwa vibaya tu."

Wale wakurugenzi watatu walitazama viatu vyao.

"Wewe ni nani, mama?" Mwenyekiti akauliza, shingo imemwiva.

"Mimi ndiye niliyeukwangua uso huu wa kushoto. Gari la umeme halihitaji shoo, mzee wangu. Kelele za injini zimeondoka. Tuliache litulie."

"Mteja wangu akitoa fedha zote zile, anataka jirani ajue," Mwenyekiti akasema. "Gari lako linanyamaza mno." Kisha, kwa kuwa alikuwa ameaibika na lazima mtu alipe, akageukia karakana nzima. "Haya, ninyi wenye kazi. Wanaotaka la kulia?"

Bendera hufuata upepo. Mikono ikapanda, mmoja mmoja, mpaka wa Fundi Rangi.

"Mama, nina watoto," akamnong'oneza baadaye kwenye masinki. Mama Udongo akaendelea kunawa mikono.

Amri ilikuwa fupi: nusu ya kushoto ikwanguliwe, iundwe shoo kama ya kulia, kabla ya Jumatatu. Na kwa vile mashine ilikuwa na kazi nyingine, iundwe kwa mkono. Kwa mkono wa nani? Wa yuleyule!

Akaukwangua uso wake. Udongo hautupwi, vipande alivirudisha kwenye oveni, vikalainika, akavipaka tena kuwa fito. Haki ya Mungu, alijaribu kuharibu. Ufito wa kwanza aliuacha na bonde kusudi, akaenda kunywa chai, akarudi, akaliona lile bonde, likamkera kuliko Mwenyekiti. Akalisawazisha. Wa pili hivyohivyo. Mkono uliozoea kazi nzuri ulikataa kabisa kusikia habari za kisasi. Tena alipoona fito za mashine zimenyooka mno, hadi kwa jicho zinaonekana kulegea katikati, za kwake akazipa uvimbe kidogo, kama anavyofanya siku zote, bila hata kufikiri.

Jumatatu Bwana Kalamu akaja na Mwenyekiti. Wakasimama. Wakatazama kulia, wakatazama kushoto, kisha kushoto tena.

"Huu wa kushoto una uhai," Mwenyekiti akasema. "Huo wa kulia ufutwe, huu unakiliwe pande zote mbili. Na msikie vizuri: hakuna atakayegusa hata ufito mmoja. Unakwenda kiwandani ulivyo."

Jioni mumewe alikuwa jikoni, friji ya jirani imefunguliwa sakafuni. Alipoiona sura ya mkewe akaweka bisibisi chini.

"Wamelitupa?"

"Wamelipitisha. Hawabadilishi kitu."

"Si ndicho ulichokuwa unakililia? Hongera, Mama Watoto! Miaka thelathini na mmoja!" Akainuka amkumbatie, kisha akasita. "Mbona unalia? Uso si wako?"

Mama Udongo akakaa kwenye kigoda, mikono bado ina udongo kwenye kucha.

"Ni shoo, Baba Watoto. Lile geti. Nimelitengeneza vizuri," akasema. "Ni wangu. Kuanzia taa hadi taa, Mungu anisamehe, ni wangu."